Mvua ya Debussy au mvua ya Fauré: shairi moja, nyimbo mbili, we uchukue ipi?

Kuna dada mmoja soprano huwa nampigia piano, mwezi uliopita akaniuliza WhatsApp, "kaka, kati ya ile Il pleure ya Debussy na Spleen ya Fauré niimbe ipi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, nikaenda dakika saba nzima na hapo sijafika hata kwenye ubeti wa tatu ambao ndo wenye kesi yenyewe, simu ikazima chaji. Sa nimeona bora niandike kabisa maana sio yeye tu, kila mtu anayeanza kuimba hizi nyimbo za Kifaransa za piano na sauti moja lazima siku moja agongane na hizi mbili za watunzi wawili wa Ufaransa, Debussy na Fauré, na akigongana nazo anachanganyikiwa kwa sababu maneno ni yale yale.

Ndio, yale yale. Shairi ni la mshairi wa Kifaransa Paul Verlaine, liko kwenye kitabu chake Romances sans paroles kilichotoka 1874. Mashairi yenyewe mengi aliyaandika akiwa anazurura na mshairi mwenzie, kijana Arthur Rimbaud, Ubelgiji mara London, na kitabu kilipotoka yeye mwenyewe alikuwa jela Ubelgiji kwa kumpiga Rimbaud risasi ya mkono Brussels, Julai 1873. Weka hiyo habari pembeni kidogo, tutairudia, ina umuhimu kwenye kuchagua.

Nimejaribu kulitia Kiswahili, sio kwa kuimba, ni kwa kuelewa tu unachoimba:

Moyoni mwangu mnalia
kama mjini kunavyonyesha;
ni unyong'onyevu gani huu
unaopenya moyo wangu?

Ee sauti laini ya mvua
ardhini na juu ya mapaa!
Kwa moyo uliochoshwa,
ee wimbo wa mvua!

Mnalia bila sababu
humu moyoni mlimochafuka.
Nini! Hakuna usaliti?
Msiba huu hauna sababu.

Kweli hili ndo chungu kupita yote,
kutojua kwa nini,
bila penzi, bila chuki,
moyo wangu unaumia hivi.

Hapo kwenye "mnalia" watu wameshanirushia mawe, eti nani anayelia, nyinyi? Hapana jamani, ni mnalia ya humo ndani, kama unavyosema nyumbani mnanuka au chumbani mna giza. Na hiyo ndo raha ya Kiswahili hapa, maana Verlaine alifanya kitu ambacho hata Wafaransa wenyewe kinawashtua. Kwao "il pleut" ni kunanyesha, hakuna mtu anayenyesha, inanyesha tu. Yeye akachukua "pleure", kulia, akaifanyia vile vile, il pleure, yaani kunalia tu, hakuna mwenye kulia. Na "pleure" na "pleut" kwa sikio zinakaribiana mno, utadhani kilio na mvua ni neno moja limeteleza. Kiingereza hapo kinapata tabu, sisi tuna mu na ku zetu zinafanya kazi bila jasho.

Na lile neno "s'écœure" kwenye ubeti wa tatu, ndani yake kuna "cœur", moyo. Maana yake ni kusikia kichefuchefu, kukinai. Sa we fikiria sisi tunasemaje mtu akitaka kutapika: anachafukwa na moyo! Imekaa pale pale. Nilipogundua hilo niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu.

Mtu wa vina na mizani nae ana la kusema hapa. Kila mstari ni mizani sita, ubeti mistari minne, wa kwanza, wa tatu na wa nne vina vinakutana, ule wa pili kina chake kinabaki kinaning'inia hakina mwenzie mwishoni. Kwetu wazee wangesema hili guni, shairi lililokosea vina. Lakini ni guni la makusudi, ule mstari wa pili ni kama mtu aliyeachwa kituoni, na ukiimba utaona kila mtunzi kamshughulikiaje huyo yatima.

Haya tuingie kwenye nyimbo zenyewe.

Majina kwanza, yasije yakakuponza

Ya Debussy inaitwa kwa mstari wa kwanza, Il pleure dans mon cœur, ni ya pili kwenye mfululizo wa nyimbo sita unaoitwa Ariettes oubliées. Ya Fauré inaitwa Spleen, opus 51 namba 3 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Sasa balaa ni hili: kwenye zile sita za Debussy, ya mwisho nayo inaitwa Spleen! Lakini hiyo ni shairi lingine kabisa la Verlaine, la mawaridi mekundu na mpenzi anayeogopa kuachwa. Huyu dada yangu alitumwa kuprinti Spleen, akaingia mtandaoni akakamata Spleen ya kwanza aliyoiona, akaja mazoezini na makaratasi safi yamewekwa kwenye faili la plastiki, napiga akodi ya kwanza nashangaa hii mvua imeenda wapi, namuangalia na yeye ananiangalia. Mawaridi. Saa nzima ya ukumbi tumelipia tunasoma mawaridi. So ukitafuta andika opus 51 ya Fauré, na kwa Debussy tafuta ile ya pili, sio ya sita. Zote mbili hakimiliki ilishaisha, Debussy kafa 1918, Fauré 1924, nota zao unapata bure kihalali, usimlipe mtu.

Na hilo neno spleen ni bandama. Ni Kiingereza, Wafaransa walilikopa, mshairi Baudelaire akalifanya maarufu kwenye mashairi yake ya 1857, kwa sababu tiba ya kizamani ya Ulaya ilikuwa inasema huzuni nzito inatokea kwenye bandama. Sisi malenga wetu walikuwa wanapenda kwenye ini, Wafaransa bandama, basi kila mtu na kiungo chake.

Watu wawili, njia mbili za kufika kwenye shairi

Debussy alikuwa kijana. Alizitunga kati ya 1885 na 1887, umri miaka ishirini na kitu, sehemu kubwa ya wakati huo yuko Roma kwa sababu alishinda ile tuzo kubwa ya watunzi wa Ufaransa mwaka 1884, zawadi yake ni kwenda kukaa Villa Medici kutunga. Wengine wangeona ni bahati, yeye alikuwa anaboeka mpaka basi, anataka kurudi Paris. Sio ajabu akaangukia shairi la mtu anayeboeka na mvua.

Ila kuna kitu kingine ambacho mi kila nikikikumbuka nasisimka. Debussy akiwa mtoto wa miaka kama tisa hivi, alifundishwa piano na mama mmoja anaitwa Madame Mauté, aliyekuwa anasema yeye alifundishwa na Chopin, yule mtunzi mkubwa wa piano. Huyo mama ni nani? Ni mama mkwe wa Verlaine! Na ni miaka ile ile, 1871 na kuendelea, ambayo ndoa ya Verlaine na binti yake Mathilde ilikuwa inavunjika, Rimbaud ameshatia mguu Paris, kuna mtoto mchanga ndani, ugomvi kila siku. Yaani katoto kanapiga skeli kwa bibi huku mkwe wa bibi ndo anaharibikiwa na maisha, miaka kumi na tano baadae katoto kanakuja kutunga muziki wa shairi lililotoka kwenye uharibifu ule ule. Ukiandika kwenye tamthilia watu watasema umezidisha chumvi.

Fauré ni mtu mzima kidogo, kazaliwa 1845, mtu wa kanisa, miaka hiyo alikuwa anasimamia kwaya ya kanisa la Madeleine pale Paris. Wanakwaya mnamjua huyu hata kama hamjui kama mnamjua, ile Pie Jesu ya soprano ni yake, iko kwenye Requiem yake, misa ya wafu, iliyopigwa mara ya kwanza Januari 1888. Baba yake alifariki 1885, mama yake akafuata mwisho wa Desemba 1887, na Spleen kaiandika 1888. Kwa hiyo mtu katoka matangani kabisa, msiba wenye sababu zote mbili, baba na mama, afu anachukua shairi linalosema msiba huu hauna sababu. Mi sitaki kutia maneno mdomoni mwake, alikuwa mtu msiri, lakini ukiimba ukiwa unajua hilo sauti yako inatulia yenyewe.

Sa mvua iko wapi?

Hapa ndo tofauti ya kwanza ya kusikia hata kama hujui muziki. Kwa Debussy mvua iko kwenye piano. Piano inaanza peke yake, noti ndogo ndogo za mkono wa kulia zinajirudia zinajirudia, hazina haraka wala hazisimami, na mwenyewe kaandika juu: mwendo uliochangamka kwa wastani, wa huzuni na usiobadilika. Triste et monotone. We mwimbaji unakuja baadae unakuta kumeshanyesha. Unasimama dirishani, unaongea na nafsi yako, na mvua haikujibu. Muda mwingi ukinyamaza piano ndo inaimba, na wimbo wake ni mzuri kuliko wako, ukubali tu.

Kwa Fauré mvua ipo lakini haijionyeshi. Piano inatembea chini yako, ni kama mtu mnayetembea nae njia moja, mara anasema kidogo, mara anakuachia useme. Uzito uko kwenye sauti. Huko kwa Debussy unasikiliza mvua, huku kwa Fauré we ndo umelowa.

Hii inaleta swali ambalo waimbaji hawajiulizi na wapiga piano tunalia nalo: nani atakupigia? Debussy iko G shapu maina, shapu tano kwenye mstari, na noti ya saba ukiipandisha ni F yenye shapu mbili, mpiga kinanda wa kanisani aliyezoea flati moja na mbili anaona hiyo karatasi anakwambia naumwa. Fauré ni D maina, flati moja, basi. Akodi zake zinapinda kona bila indiketa, Fauré ni mjanja kwa hilo usimdharau, lakini angalau vidole vinajua viko mtaa gani.

Na chombo pia. Hii nilijifunza kwa aibu. Tulijaribu ile ya Debussy kwenye ukumbi ambao una kinanda cha umeme cha funguo sitini na moja, vile vyepesi visivyo na uzito, afu pedali imekatika waya. Zile noti ndogo ndogo bila pedali hazikuwa mvua, zilikuwa cherehani. Kwamba dada anaimba moyoni mwangu mnalia huku nyuma kuna fundi anakunja pindo la suruali. Tukaacha. Fauré tukaipiga kwenye kinanda kile kile, haikuwa nzuri sana lakini ilisimama, watu wangeelewa ni wimbo. Kwa hiyo kama huna piano ya kweli, au angalau kinanda chenye funguo nzito na pedali inayoshika, nusu ya uamuzi umeshafanyiwa.

Tukiwa hapo hapo kwenye mvua. Mazoezi ya pili ikashuka mvua ya kweli, paa la bati, wanaojua wanajua, hatukusikiana kabisa tukakaa tukala karanga. Ndo nikaelewa kwamba shairi linasema sauti laini ya mvua, bruit doux, ni rasharasha za Ulaya kaskazini zinazoweza kukaa siku nzima bila kupandisha sauti. Sio masika. Mwimbaji wa kwetu akisikia mvua anataka kuongeza sauti kwa sababu amezoea kushindana na bati, afu Debussy anataka kinyume chake kabisa, uimbe kama hutaki jirani asikie. Mtihani wake mkubwa ni huo, kuimba kidogo bila sauti kufa, na pumzi ya kufanya hivyo ni kubwa kuliko ya kupiga kelele. Fauré anakuruhusu kufungua kifua zaidi, mistari yake ni mirefu na inabebeka, kama umetoka kwenye kwaya utajisikia uko nyumbani.

Ubeti wa tatu

Sasa kesi yenyewe. "Quoi! nulle trahison?" Nini, hakuna usaliti?

Debussy akifika hapo anazima mvua. Kweli anazima, zile noti ndogo zinakata, mwendo unashuka, unabaki unaongea karibu bila piano, kama mtu aliyekaa kimya siku nzima afu ghafla anajiuliza kwa sauti. Afu baada ya hapo mvua inarudi ilipoachia kana kwamba hujasema kitu. Mara ya kwanza nilipoisikia nilidhani rekodi imekwama.

Fauré hasimami. Swali linapita ndani ya mwendo ule ule, linapanda, linashuka, piano inaendelea kutembea. Ni kama rafiki yako anasema "sijui hata nina nini siku hizi" huku mnavuka barabara, hasimami katikati ya lami kukwambia.

Na hapa ndo nairudia ile habari ya Verlaine. Huyu bwana anasema hajui kwa nini ana huzuni. Hakuna usaliti. Bila penzi bila chuki. Kaka! Umemwacha mke na mtoto ambae hata mwaka hajatimiza, umeondoka na kijana wa miaka kumi na saba, hela za mama yako unakula, mkeo anafungua kesi ya kutengana, afu unakaa dirishani unajiuliza kwa nini moyo unauma? Mtaa mzima unajua sababu. Ukisoma shairi ukiwa na hiyo picha, ule mshangao wa "nini, hakuna usaliti?" unasikika kama uongo wa mtu anayejidanganya mwenyewe, neno usaliti limemtoka kabla hajaulizwa. Msaliti ni yeye.

Mi naona Debussy aliusikia huo uongo. Sijui kama alikusudia, lakini muziki wake unafanya hivyo, unazima kila kitu ili tumsikie jamaa akijikanyaga. Fauré yeye anamwamini. Anamchukulia kama mtu ambae kweli huzuni imemwingia bila mlango, na watu wa hivyo wapo, wengi tu, tunaishi nao, wengine ni sisi. Msiba usio na maiti, hakuna wa kumpa pole, hakuna sufuria la kupika wala turubai la kufunga, na unauma vile vile.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague vipi, nakuuliza swali moja tu: huyu mtu unamwamini? Ukimwona ni mwongo, imba Debussy. Ukimwamini, imba Fauré. Usiimbe ya Debussy kwa imani ya Fauré, nimewasikia wanaofanya hivyo, pale mvua inapozima wanafanya uso wa huruma, inakuwa igizo la jukwaa la shule.

Kuhusu matamshi, mana najua utauliza

Ni shairi moja kwa hiyo tabu ni zile zile, lakini kwa Debussy zinaonekana zaidi maana uko uchi. Habari njema ni r. Watu wanahangaika na ile r ya kooni ya Kifaransa, lakini kwenye uimbaji wa aina hii wengi tangu zamani wanatumia r ya ulimi, kama yetu ya "mara" na "bure", so hapo tuko vizuri. Habari mbaya ni zile e za mwisho. "Ville", mji, inaimbwa silabi mbili lakini ile e ni hafifu mno, midomo imeshaanza kufunga. Sisi kila silabi yetu inaishia na irabu iliyoshiba, so tunaimba "vile". Kama mjini kunavyonyesha inakuwa kama kunavyonyesha vile. Afu "cœur" inakuwa "kea" au "kuuri", na "pluie" sitaki hata kuandika inavyokuwaga. Ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi hapo mnatucheka, najua, basi tupeni masomo. Ukiwa huna mtu wa kukusahihisha, anza na Fauré, mstari wake mrefu unafunika makosa kidogo. Kidogo.

Za kusikiliza

Kwa Debussy kuna kitu ambacho nyimbo chache za zamani zinacho: rekodi ya 1904 ambayo anayepiga piano ni Debussy mwenyewe, anaimba Mary Garden, yule aliyekuwa wa kwanza kuimba nafasi ya Mélisande kwenye opera ya Debussy 1902 na ambae toleo la 1903 la hizi nyimbo alitunukiwa yeye. Sauti imejaa mikwaruzo utadhani nayo inanyesha, usitegemee uzuri, lakini sikiliza mwendo, hauburuzwi. Waimbaji wa siku hizi wanaivuta hii nyimbo mpaka inakuwa tui limekaa jua. Kwa Fauré tafuta Gérard Souzay au Elly Ameling, wote na Dalton Baldwin kwenye piano, walirekodi nyimbo zote za Fauré. Souzay ni baritoni, sauti ya kiume ya kati, itakusaidia kama we ni mwanaume na unaogopa kwamba hizi ni nyimbo za kina dada. Sio. Nota za Fauré zilizoshushwa kwa sauti za chini zinapatikana kirahisi tu.

Zote ni fupi, Fauré dakika mbili na ushee, Debussy inakaribia tatu. Wengine pia wameligusa hili shairi, mtunzi Mwingereza Delius alilitungia mwaka 1895, lakini mtu anayeanza asijichoshe huko.

Kama bado hujaamua fanya hivi: chukua ubeti wa tatu peke yake, uuimbe wa Debussy afu wa Fauré, jirekodi na simu, usisikilize siku hiyo. Kesho yake asubuhi kabla hujaongea na mtu sikiliza zote mbili. Ile ambayo unajionea aibu kidogo ndo yako. Ile inayosikika nzuri tu, achana nayo kwanza.

Yule dada alijirekodi, akanitumia zote mbili bila kusema ipi ni ipi kana kwamba sitajua. Tumeenda na Fauré. Debussy iko kwenye lile faili la plastiki pamoja na mawaridi yake, inasubiri nipate fundi wa pedali.